Kofia Juu ya Goti

Firimbi ndiyo iliyonifikia kwanza, mwanangu, kabla sijaona mtu wala mpira. Ilikuwa moja ya zile asubuhi za Julai ambapo ukungu hushuka kutoka milima ya Nyandarua na kuulalia mji wa Nyeri kama blanketi lililoloa, nami nilikuwa natoka Kamakwa kwenda zangu sokoni. Firimbi ililia mara moja, fupi na kali. Kisha nikasikia mtu akigomba ndani ya weupe ule: "Nani amekwambia uendelee kukimbia? Mpira umetoka! Mstari haukuchorwa kupamba nyasi!"

Naikumbuka siku hiyo vizuri kuliko siku niliyooa, na nyanya yako asinisikie. Niliifuata ile sauti mpaka chini ya mtaa wa Majengo. Ukungu ukafunguka kidogo, nikaona vijana wameganda uwanjani, na katikati yao mzee mrefu aliyevaa koti jeusi lililoshonwa vizuri, firimbi mdomoni, akiwatazama kama mtu anayehesabu mbuzi wake na kuona mmoja hayupo.

Nitakusimulia juu ya mzee huyo, kisha nitajibu swali lako. Najua una haraka. Umekaa ukingoni mwa hilo sanduku la bati kama mtu anayesubiri gari. Kesho unachezesha mechi yako ya kwanza kubwa kule Murang'a, na jana mtu alikupigia simu kukuambia ni timu gani isifungwe. Umekuja kwangu mimi babu yako kuniuliza, "Guka, nifanye nini?" Subiri kwanza. Ongeza chai. Sanduku hilo unalokalia limo ndani ya hadithi hii.

Mzee yule aliitwa Ramadhani, fundi wa nguo, na ndiye aliyewafundisha mpira vijana wale. Baba yake alikuwa mtu wa Pwani aliyekuja huku na misafara ya zamani, mama yake wa hapa Tetu. Wengi wa Majengo walikuwa hivyo, Kiswahili ndani ya nyumba na Kikuyu mlangoni. Alikuwa amepigana Burma katika vita vya wazungu, na alirudi na jeraha la bega na maneno mengi. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo. Akikushonea suruali, alikuwa akikufuata barabarani kuona kama unaivaa kwa heshima inayostahili.

Mimi nilikuwa mwalimu asiye na cheti katika shule moja ya msingi ya baraza la wilaya. Miaka ya mwanzo ya uhuru walimu walikuwa wachache, kwa hiyo aliyemaliza darasa la nane alisimama mbele ya wengine na chaki. Siku ile nilimwomba mzee anisajili kuwa mchezaji. Alinipa mpira, mpira wa ngozi wa kufungwa kwa kamba, uliokuwa mzito kama jiwe ukinyeshewa. Niliupiga mara mbili.

"Miguu yako umeazima kwa nani?" akaniuliza.

Vijana wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Lakini una macho," akasema. "Ulipokuja ulisimama pale pale mstari unapopita, ukautazama kabla ya kuuvuka. Hawa wote wanaupita kama ng'ombe. Njoo dukani kesho jioni."

Ndivyo nilivyoanza kuwa refa. Alinifundishia juu ya meza yake ya kukatia nguo, kwa vifungo. Vifungo kumi na moja vya koti upande huu, kumi na moja vya shati upande ule, na punje moja ya hindi ndiyo mpira. Alivisogeza kwa kidole huku akiongea. Hakuna anayegusa mpira kwa mkono akiwa uwanjani isipokuwa kifungo hiki kikubwa, mlinda lango, na yeye pia ni ndani ya boksi lake tu. Mpira ukitoka pembeni unarushwa kwa mikono miwili kutoka nyuma ya kichwa, miguu yote chini. Ukitoka nyuma ya goli, uliza ni nani aliyeugusa mwisho. Akiwa mshambuliaji, mlinda lango anaupiga, akiwa mlinzi, ni kona. Goli ni goli mpira wote ukishavuka mstari. Si nusu, si robo tatu. Wote.

Kuotea kulinichukua jioni nzima. "Tazama," alisema, akisukuma kifungo cha shati mbele ya wenzake wote mpaka karibu na lango. "Huyu anasubiri chakula mlangoni kwa watu. Mpira unapopigwa kuja kwake, lazima kuwe na wapinzani wawili kati yake na mstari wa goli. Hapa yuko mmoja tu, mlinda lango. Kwa hiyo ameotea. Lakini usitazame alipo mpira unapomfikia. Tazama alipokuwa mpira *ulipopigwa*. Refa anakumbuka. Mtazamaji anaona tu."

Siku nyingine aliniambia mpira ulikotoka. Habari hizo yeye mwenyewe alizisikia hospitalini Burma, kwa sajini Mwingereza aliyelala kitanda cha pili, aliyekuwa refa kwao kabla ya vita.

"Watu wamepiga vitu kwa mguu tangu mguu uwepo," alisema, cherehani ikinguruma chini ya maneno yake. "Wachina walipiga zamani sana. Hata nyinyi mkichunga mbuzi mlipiga mipira ya maganda ya migomba. Waingereza wao waliandika sheria. Na hawakuziandika kwa sababu wana akili kuliko wewe. Waliziandika kwa sababu walichoka kuumizana. Kila shule ilikuwa na mchezo wake. Hawa wanashika mpira kwa mikono, hawa wanapigana mateke ya miguu na kuita ushujaa. Wakikutana, ni vita. Basi wakakaa chumba kimoja cha baa kule London, wakabishana vikao kadhaa. Waliotaka kushika kwa mikono na kupigana mateke wakakasirika, wakaenda zao wakawa na mchezo wao. Waliobaki wakatuachia huu."

Akasimamisha cherehani.

"Umeelewa, mwalimu? Hizi sheria hazikushuka mlimani. Hazikuletwa na gavana. Ni maelewano ya watu waliochoka kugombana. Ndiyo maana zinamhusu kila mtu."

Kisha akanieleza habari ya refa, na hii uishike. Mwanzoni refa hakuwepo. Manahodha wawili waliamua wenyewe, ikashindikana. Wakawekwa waamuzi wawili, kila timu na wake, wakipunga vitambaa. Hao nao wakabishana. Ndipo wakamtafuta mtu wa tatu akae nje ya uwanja pamoja na watazamaji, aulizwe tu wale wawili wakishindwana. Basi akawa anakaa huko nje, karibu na wakubwa, karibu na chai yao. Mwishowe wakaona haifai. Wakamvusha mstari, wakamwingiza ndani, wakampa firimbi, na saa ikawa yake.

Mwanangu, wakati huo niliyasikia kama habari za kale tu. Sikujua kwamba nitayahitaji kama mtu anavyohitaji fimbo gizani.

Mechi yangu ya kwanza ya mazoezi, watu pembeni walipiga kelele, "Mkono! Mkono!" nami nikapuliza. Ramadhani aliingia uwanjani akanishika bega.

"Umeona mkono?"

"Watu wote wame..."

"Sijauliza watu. Umeona, ama umesikia?"

Nikaishusha firimbi.

"Masikio yako ni ya kusikia jina lako likitukanwa," akasema. "Firimbi inafuata macho."

Sasa nije kwenye kofia.

Tangu enzi za wakoloni, mechi za sikukuu hapa kwetu hazikuisha kwa saa. Bwana DC, yule mzungu mkuu wa wilaya, alikaa katikati ya jukwaa, akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Alipoona mchezo umemtosha, alisimama akaivaa, na refa akapuliza. Timu ya askari wake ikiwa imefungwa, kofia ilibaki gotini mpaka wasawazishe na kushinda. Tulizoea. Kulikuwa na watu wazima Nyeri, tena watu wa kanisa, walioamini kabisa kwamba hiyo ndiyo sheria ya mpira: dakika arobaini na tano, mapumziko, kisha mnacheza mpaka bwana avae kofia. Mimi mwenyewe nilikua nikiamini hivyo, mpaka siku ya vifungo.

Uhuru ukaja. Bendera ikabadilishwa, wimbo ukabadilishwa, mwenye kofia akabadilishwa. Kofia ikabaki pale pale.

Mwenye kofia mpya alikuwa mwenyekiti wa baraza. Sote tulimwita Mheshimiwa, nami sitamtaja kwa jina lingine. Nisikudanganye kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amekaa kizuizini miaka ya hali ya hatari ya wakoloni, na mguu wake mmoja ulikuwa umevunjwa huko ukaungwa vibaya. Darasa nililofundishia lilijengwa kwa juhudi zake. Ndiyo maana iliniuma. Ukipigwa na adui, unajua pa kuelekeza uso.

Mzee Ramadhani hakuchezesha mechi za sikukuu. Akiombwa alijibu, "Mimi sichezeshi kofia." Kwa hiyo sikukuu moja, Nyeri ilipopangiwa kucheza na timu ya Kangema kutoka Murang'a, wakanichagua mimi, kijana, mwalimu wa baraza. Mshindi angepewa fahali.

Siku moja kabla ya mechi, karani wa Mheshimiwa alikuja shuleni kwa baiskeli. Alikuwa mtu wa maneno laini na viatu vinavyong'aa.

"Mwalimu Ndirangu," akaniambia, "wewe uko na bahati. Jina lako liko kwa wale wa kwenda chuo cha ualimu. Mheshimiwa ameliona na macho yake."

Nikamshukuru. Nilitaka hata kumbebea baiskeli.

"Kesho ni kazi rahisi. Wewe angalia jukwaa tu. Kofia ikipanda, unapuliza. Hiyo ata mtoto anaweza."

Nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameweka sanduku jipya la bati katikati ya nyumba. Habari ya chuo ilikuwa imenitangulia. Alikuwa amelinunua kwa fundi wa bati sokoni, na amelipangusa mpaka unajiona uso. "Utaweka mashati yako hapa," akasema. Alikuwa mjane mwenye shamba la kona ya bonde, na mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Aliendelea kulipangusa.

Sanduku ni hilo unalokalia. Usisimame, kaa tu.

Vijana wa Kangema walikuja kwa lori la kubebea majani chai, wakiwa wamesimama, wengine pekupeku, nguo zao zimeshika harufu ya majani mabichi. Nahodha wao alikuwa Kimani, mfupi, mpana wa mabega. Nahodha wa Nyeri alikuwa Athumani, mtoto wa ndugu yake Ramadhani, kijana wa Majengo aliyekimbia kama ana deni na upepo. Uwanja ulijaa. Wenye maduka walifunga. Mheshimiwa aliwasili, akachechemea mpaka kwenye kiti chake, akavua kofia yake ya rangi ya kijivu, akaiweka juu ya goti.

Kabla ya mapumziko Kangema walipata kona. Kimani alipanda juu ya watu wote, na kwa mfupi yule sijui alipandia nini, akaupiga kwa kichwa ukaingia. Mpira wote ulivuka mstari. Nikapuliza, nikaonyesha katikati. Uwanja mzima ulinitazama utadhani nimetangaza msiba.

Wakati wa mapumziko nilimwendea Ramadhani. Alikuwa amesimama peke yake karibu na bendera ya kona, koti jeusi hadi kidevuni.

"Mzee," nikamwambia, "dakika zikiisha na kofia bado iko gotini, nifanye nini?"

Hakuwahi kunikasirikia vile, si kabla wala baada.

"Mimi nimesimama wapi?"

"Hapo."

"Hapo ni wapi?"

Nikatazama chini. "Nje ya mstari."

"Na yule pale jukwaani?"

"Nje ya mstari."

"Sasa unataka kumkataa yule ili uniweke mimi kwa kiti chake? Walihangaika miaka mingi kumvusha refa huo mstari, na wewe unautoka kuja kuniuliza mimi! Rudi ndani. Saa iko kwa mkono wa nani?"

Saa ilikuwa mkononi mwangu. Nikarudi.

Kipindi cha pili Nyeri walishambulia kama watu waliotumwa na mama zao. Athumani alifunga, uwanja ukalipuka, kofia ikatikisika. Lakini mpira ulipopigwa kuja kwake, mbele yake alikuwepo mlinda lango peke yake. Nilikuwa nimeiona picha ile, vifungo na punje ya hindi. Nikainua mkono. Kuotea.

Mwanangu, matusi ya siku ile yangeweza kupika chai.

"Refa, nunua miwani!"

"Ati ofsaidi? Ofsaidi ya nyanya yako!"

"Amekula majani chai ya Kangema! Mwangalieni meno!"

Athumani mwenyewe alinikaribia akitweta. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa mbele, eeh?" Nikamwambia, "Ulikuwa mbele." Akatema mate, akarudi mahali pake akikimbia. Sikumsahau.

Siku hizo hakukuwa na kadi, wala hatukubadilisha wachezaji. Ukiumia, ulichechemea ama timu ikapungua. Kijana mmoja wa Kangema aligongwa goti, tukakawia. Mpira uliingia kwenye mahindi chini ya uwanja, tukakawia tena. Yote hayo niliyaongeza, kwa haki, kama sheria isemavyo. Kisha hata hizo za kuongeza zikaisha.

Nikatazama jukwaa. Najua hukutaka nikuambie hivyo, lakini nilitazama. Kofia ilikuwa juu ya goti, na mkono wake ulikuwa juu ya kofia, umetulia, kama mkono wa mtu anayemtuliza mbwa. Karani alikuwa amesimama nyuma yake akinitikisia kichwa: bado, bado. Nikaliona sanduku la bati likimeta katikati ya nyumba ya mama. Nikaacha mchezo uendelee kidogo. Pumzi tatu, nne. Sitakuficha.

Hapo Kimani akapita mbele yangu. Hakuwa anakimbia tena. Alikuwa anatembea, mikono kiunoni, na wenzake pia wameanza kutembea. Walijua. Hata Kangema ilikuwa na kofia yake.

"Refa," akaniambia, si kwa hasira, kwa uchovu tu, "tuambie tufungwe mangapi ndio twende nyumbani. Lori haina taa."

Nikapuliza.

Nilipuliza mara tatu, ndefu, mpaka ile mbegu iliyo ndani ya firimbi ikakwama. Kisha hakuna sauti iliyosikika Nyeri isipokuwa yule fahali, amefungwa kwenye mti wa jukwaa, akitafuna.

Karani alikuja mbio, viatu vyake vinavyong'aa vikizama matopeni.

"Mwalimu! Umefanya nini? Mheshimiwa hajasimama!"

"Dakika zimeisha."

"Saa yako ni mbovu!"

"Ikiwa mbovu, ndiyo hiyo hiyo mchezo unafuata. Hakuna ingine uwanjani."

"Anzisha mpira!"

"Mchezo umeisha, bwana karani. Wakitaka mwingine tupange siku. Tutaanza bila kwa bila."

Akanikaribia, akarudisha ile sauti yake laini. "Na chuo, Ndirangu?"

Magoti yalikuwa yakinitetemeka, lakini kaptura yangu ilikuwa ndefu na pana, haikuonekana. "Chuo kiko mkononi mwenu," nikasema. "Mimi niko na firimbi tu."

Akaninyang'anya mpira niliokuwa nimeubana kwapani, akamrushia Athumani. "Nahodha! Chezeni! Nimesema chezeni!"

Athumani aliudaka kwa mikono. Alisimama akiutazama, jasho likimdondoka, na watu wake wote wa Nyeri wakimtazama yeye. Alitaka kushinda kuliko mtu yeyote pale. Angecheza mpaka alfajiri. Akauweka chini, akaukanyaga.

"Tumefungwa, karani," akasema. "Sasa nicheze na nani? Na wewe?"

Mtu mmoja akacheka. Kisha wengine. Kicheko kikazunguka uwanja, na ndani yake nikasikia kitu kikikatika, kama kamba kuukuu.

Fahali alitakiwa kukabidhiwa na Mheshimiwa. Ilikuwa desturi: anasimama, anavaa kofia, anashika kamba, anampa nahodha mshindi. Lakini Mheshimiwa hakuweza kusimama. Angesimama, mchezo ungekuwa umeisha kweli. Kwa hiyo alikaa. Watu walianza kutawanyika, akakaa. Wageni wake wakaondoka mmoja mmoja, wakikohoa, akakaa. Kimani na wenzake walimtazama fahali, wakatazama lori, wakatazama mlima ambao jioni ilikuwa inaumeza, wasijue la kufanya.

Athumani ndiye aliyekwenda jukwaani. Akapita mbele ya Mheshimiwa, akasema, "Samahani, Mzee," akafungua kamba, akamvuta fahali katikati ya uwanja, na kuitia kamba mkononi mwa Kimani. Aliyeshindwa alimpa mshindi zawadi kwa mkono wake mwenyewe. Nimechezesha mechi nyingi tangu wakati huo. Sijaona kitu kikubwa kuliko hicho.

Refa haondoki kabla ya wachezaji. Nilisimama kwenye duara la katikati mpaka lori la Kangema likapotea, fahali akiwa amebanwa katikati ya vijana wanaoimba. Tukabaki wawili, Mheshimiwa kitini na mimi uwanjani, na ukungu ukianza kushuka. Tulitazamana. Mwishowe alijiinua kwa kushika mti wa jukwaa, akavaa kofia, akachechemea kwenda zake. Nilimwonea huruma, kwa ajili ya mguu ule. Kisha nikalikumbuka lori lisilo na taa, na huruma yangu ikakaa mahali pake.

Nilimkuta Ramadhani kwenye kona, koti limeloa. Nilingoja anisifu. Kijana hupenda kusifiwa.

"Ulikawia kupuliza," akasema. "Nilikuona. Kesho jioni uje dukani."

Shule ilinifukuza, ikapata mrithi wangu wiki ile ile. Chuo alikwenda mwingine, na alikuwa mwalimu mzuri, sina kinyongo naye. Mama aliendelea kulipangusa lile sanduku tupu kwa muda mrefu. Kisha asubuhi moja alilisukuma sanduku mpaka miguuni pangu, akasema, "Basi tia humo hata misumari." Nikatia misumari, sindano za ngozi, nyundo na gundi. Ramadhani alinifundisha kushona mipira na kutengeneza viatu, na kwa kazi hiyo nilimlea mama yako. Kila Jumamosi nilivaa kaptura, nikachezesha, mpaka goti liliponikataa.

Na Mheshimiwa? Sikukuu iliyofuata alikuja, akakaa kiti kile kile. Kofia ilikuwa kichwani. Aliivaa tangu mwanzo hadi mwisho, jua likimchoma, jasho likimchuruzika shingoni, na hakuivua tena katika uwanja wowote maisha yake yote. Refa mpya alitazama saa yake, akapuliza, watu wakaenda nyumbani kula. Hakuna aliyetangaza kwamba desturi imekufa. Hakuna aliyenishukuru. Wajukuu wa watu wale wale wanakwambia leo kwamba mpira huku kwetu siku zote ulikwisha kwa saa.

Usidhani nakusimulia haya nikiwa na majuto. Ningepewa siku ile tena, na sanduku jipya, na mama akilipangusa, ningefanya vile vile, ila safari hii nisingevuta zile pumzi nne.

Sasa swali lako. Mwanangu, watu watakuambia mpira ni mchezo tu, na kwa hiyo neno la simu moja si kitu. Uwajibu hivi: ni mchezo, na umesimama juu ya maelewano peke yake. Hauna ukuta wala jeshi. Una chokaa tu juu ya nyasi. Siku tukikubali mtu aliye nje ya chokaa aamue, kesho yake tunabaki na watu ishirini na wawili wanaokimbia kumfurahisha mtu mmoja aliyekaa. Kwa hiyo puliza unachokiona. Usipulize unachoambiwa, wala unachoogopa. Mkubwa aliyekutendea mema, mheshimu barabarani, msalimie kwa mikono miwili, msaidie kubeba mzigo. Lakini usimpe saa yako. Watakapokutukana, wasikie, uendelee kutazama mpira. Na ukilipishwa, maana huenda ukalipishwa, lipa ukiwa umesimama wima. Kuna kazi nyingine duniani. Mimi nilipata misumari.

Hilo ndilo shauri langu. Lakini kesho, mambo yakikaza, usinitafute kwa simu. Mimi niko nje ya mstari.

Hapana, firimbi yangu sikupi. Ina kutu, itakukata mdomo. Nunua yako.

Simama sasa, maana gari la Murang'a halimngoji mtu. Nyosha mikono. Nyanya yangu alikuwa akitutemea mate kidogo viganjani tukienda safari, nami sijui baraka nyingine iliyo bora. Hivi. Mungu akutangulie njiani. Macho yako yasizibwe na kelele, magoti yako yasionekane yakitetemeka, na popote utakaposimama, pawe katikati. Urudi nyumbani ukiwa mtu yule yule aliyetoka.

Nenda, mwanangu. Vuta mlango kwa nguvu, mbao zimevimba kwa baridi.

Hivyo hivyo. Umefungika.